Kabla hujamwita mshauri wa nje: niliyojifunza kwenye mashine yangu ya mpunga

Nina mashine ya kukoboa mpunga hapa Igurusi, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya. Kuna msimu wanunuzi wa Dar es Salaam walinikimbia. Walichota mchele kiganjani, wakapuliza vumbi, wakaona chenga, wakahamia kwa jirani. Aliyeniokoa ni mtu wa nje ya biashara yangu. Wengi mmeniuliza nilimpataje na nilimlipaje, basi naeleza.

Mtu wa nje unamwita kwa ujuzi unaouhitaji mara mojamoja, ambao huwezi kumwekea mtu mshahara wa mwaka mzima. Unamwita pia kwa sababu macho yake hayajazoea, na hili tunalidharau mno. Vijana wangu waliiona kasoro mapema, lakini nani angemwambia mama mwenye mashine kwamba agizo lake ndilo linaloharibu mchele?

Andika swali moja kabla hujapiga simu. Mshauri wangu wa kwanza nilimwambia tu "nisaidie biashara ikue", akaniletea kitabu kizima cha maneno mazuri ambayo sikuweza kuyafanyia kazi. Mara ya pili niliandika hivi: "Mpunga ni wa bonde lilelile la Usangu, kwa nini wangu unatoa chenga kuliko wa jirani?"

Usimwulize anayeuza mashine. Niliyemwita hakugusa hata punje, akaniandikia bei ya mashine mpya. Waulize wenye kazi kama yako walio mbali kidogo, wasiogombea wateja na wewe. Mimi nilielekezwa na mtu wa Kyela. Ofisi za SIDO nazo husaidia wenye viwanda vidogo, na mambo ya mbegu na shamba yapo TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo. Kwa hesabu, tafuta aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu. Kisha mpigie mteja wake wa zamani, umwulize: alipoondoka, kilibadilika nini?

Mzee niliyempata alikuwa fundi mstaafu. Alipofika hakwenda kwenye mashine, alikwenda uani kwenye maturubai. Akaokota punje, akaimenya kwa kucha, akaiinua kwenye mwanga, akaniita: "Mama, angalia katikati." Palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Punje ilikuwa imepasuka kabla haijafika kwenye mashine.

Mpunga wa kukoboa unatakiwa uwe na unyevu wa kama asilimia 14. Wangu ulikauka kupita hapo kwenye jua kali, umetandazwa mwembamba, na usiku ukabaki nje kupigwa na umande. Kukauka haraka kisha kulowana tena ndiko kunakoipasua punje. Kuuacha nje lilikuwa agizo langu, nilitaka kuokoa hela ya vibarua wa kuukusanya jioni. Tukaanza kuuanika kwa tabaka nene kidogo, kuugeuza mara kwa mara na kuufunika jua likizama. Roli za mpira zinazomenya mpunga ndani ya mashine alizigusa mwisho kabisa, akazilegeza kidogo.

Siku zote hizo kijana wangu wa mashine alikuwa pembeni yake na daftari. Usikubali mshauri afanye kazi peke yake, la sivyo utamlipa tena mwakani kwa jambo lilelile.

Mkataba hata wa ukurasa mmoja unatosha: kazi gani, siku ngapi, nauli na malazi ni juu ya nani. Malipo yake yakatwe kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mshauri mkazi wa Tanzania, na uiwasilishe TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Mwambie mapema, msije mkagombana siku ya malipo.

Fungu la mwisho la fedha lisubiri kipimo. Siku alipoanza tulikoboa kilo 100, tukachekecha chenga na kuzipima kwenye mizani mbele yake, kijana akaandika. Baada ya wiki mbili tulirudia kwa mzigo wa mkulima yuleyule. Chenga zilikuwa zimepungua, naye akapokea fedha yake siku hiyohiyo.