Paa kwanza: jinsi nilivyopanga pesa za kutengeneza nyumba yetu ya mbao

Nyumba yetu iko Ndosho, imejengwa kwa mbao juu ya mawe meusi ya lava kama nyumba nyingi za hapa Goma. Asubuhi moja binti yangu mdogo, akiwa bado kitandani, alianza kuhesabu nyota juu ya mabati. Alifika 31. Zilikuwa tundu za kutu, na jua lilikuwa linapenya.

Mkononi nilikuwa na dola 400, na zamu yangu ya likelemba, mchango wa kupokezana pesa, ilikuwa mwezi wa saba. Nilitaka paa jipya, sakafu ya simenti na rangi ya sebule. Vyote kwa pamoja pesa hazikufika. Nikaandika daftarini kwa mpangilio huu: kwanza kinachoingiza maji, pili tunachokanyaga, mwisho kinachopendeza macho. Rangi chini ya paa linalovuja haimalizi masika. Na mwezi wa saba ni kiangazi, nyumba inaweza kulala wazi siku moja bila godoro kulowa.

Fundi wa kwanza alinipa bei moja ya jumla. Usiikubali bei ya namna hiyo, hata kama unamwamini. Mwombe devi, yaani karatasi ya makadirio ya bei, iliyogawanywa: vifaa upande mmoja na idadi yake, kazi upande mwingine. Kisha chukua mita, upime mwenyewe.

Hapa ndipo niliokoa pesa nyingi kuliko popote. Nyumba ina urefu wa mita 8. Ukiongeza sentimita 40 zinazotokeza kila mwisho, paa linakuwa mita 8.8. Bati moja, likishalaliwa na jirani yake, linafunika kama sentimita 76. Basi kila upande unahitaji mistari 12. Mteremko ni mita 3.5, na bati lina mita 3, kwa hiyo fundi alihesabu mabati mawili kila mstari: yote 48. Lakini kile kipande cha juu ni sentimita 70 tu, hata ukihesabu sentimita 20 za kulaliana. Bati moja likikatwa linatoa vipande vinne. Kila upande basi ni mabati 12 mazima na 3 ya kukata, yaani 15. Pande zote mbili, 30. Niliongeza 2 ya akiba. Nilimwonyesha fundi hesabu hiyo kwenye daftari, akaipitia polepole, akakubali. Alikuwa amehesabu haraka tu.

Pesa ya mabati 16 yaliyopungua toka yale 48 niliigeuza unene. Namba ya geji ikiwa ndogo, bati ni nene: 28 ni nene kuliko 32. Kwetu hilo lina uzito wake, kwa sababu moshi wa volkano ya Nyiragongo unaifanya mvua kuwa na asidi, na asidi inakula bati jembamba upesi. Heri kusubiri zamu moja zaidi ya likelemba kuliko kuezeka tena baada ya miaka michache.

Halafu kuna vile vitu vidogo ambavyo havionekani kwenye devi. Misumari ya mabati na raba zake, ambayo lazima ipigwe kwenye mgongo wa wimbi, si bondeni maji yanapopita. Kofia za paa, zile za kufunika kilele pande mbili zinapokutana: za mita 2, nilihitaji 5. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, ya kuleta mzigo toka dukani. Patana bei kabla mzigo haujapakiwa. Bugari (ugali) na maharagi ya mafundi. Na dola zenyewe: noti iliyochanika hata kidogo pembeni, mwenye duka ataikataa, kwa hiyo zikague zote nyumbani.

Malipo ya kazi nilipanga mara tatu: sehemu siku ya kuanza, sehemu upande mmoja ukiisha, na ya mwisho baada ya kumwaga ndoo za maji juu ya paa na kuangalia ndani.

Kwa nyumba ya zamani ya mbao, weka kando akiba ya moja ya tano, katika bahasha yake. Mabati yalipotoka, mbao mbili zinazoyabeba zilikuwa zimeoza; msumari uliingia kama kwenye muhogo uliochemshwa. Pesa ya mbao mpya ilitoka kwenye bahasha, sikukopa kwa mtu. Pesa zilizobaki zilinunua mfereji unaopeleka maji ya mvua kwenye pipa, na bidoni za maji za kununua zimepungua.

Sakafu inangoja zamu ijayo. Chumba ni mita 4 kwa 3, unene sentimita 5: ni mita za ujazo 0.6. Kwa simenti moja, mchanga mbili na kokoto nne, ni kama mifuko 4 ya kilo 50. Nimeandika 5.