Usiunge waya za redio kwa kufuata rangi

Kwenye Toyota nyingi za zamani, rangi za waya za gari si zile za redio mpya. Nyeusi, njano na nyekundu za gari huwa ni za spika za nyuma! Ukiunga nyekundu kwa nyekundu, umepeleka spika kwenye umeme.

Weka mita ya kupimia umeme kwenye volti 20 DC, ncha nyeusi iguse chuma kitupu cha bodi, nyekundu iguse waya unaopima. Ufunguo ukiwa nje, waya wa bluu wenye mstari wa njano usome volti 12 hivi: huo uunge na njano ya redio. Kijivu kisome 12 ufunguo ukifika ACC tu (hatua ya kwanza, kabla ya kuwasha injini). Kiunge na nyekundu. Kahawia ndiyo hasi, inaunganishwa na nyeusi.

Redio ikisahau saa na stesheni kila ukizima, njano na nyekundu zimebadilishana. Zote mbili zikiwa kwenye umeme wa kudumu, betri inaweza kuwa chini asubuhi.

Hasi za spika zisiguse bodi hata kidogo, maana aisi ya ampu (chipu ya kukuza sauti ndani ya redio) inaweza kuungua. Magari ya zamani zaidi yalizifunga kwenye bodi. Hapo vuta waya mbili mpya kwa kila spika.