Tela likianza kucheza mkia

Watu wanne, wikiendi moja Mikumi? Bebeni hema tu, linaingia kwenye buti. Tela linafaa mkiwa na watoto, majiko na maji ya siku tatu. Ile nyumba ya kuvuta yenye vitanda ndani, mimi siitaki barabara ya Morogoro: kila lori likikupita, upepo wake unaisukuma pembeni.

Ukivuta tela, kazi kubwa ni kupanga mzigo. Madumu ya maji na jenereta viweke juu ya ekseli, ile nondo inayoshika magurudumu, au mbele yake kidogo, visikae nyuma. Uzito unaolalia ndoano ya gari uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela na mzigo wake. Ukipungua, ukikoleza mwendo tela linaanza kuyumba huku na huku. Hapo usikanyage breki kwa nguvu. Ondoa mguu kwenye mafuta, nyoosha usukani, liache litulie.

Halafu angalia tairi la spea la tela. Mimi nilikwama karibu na Chalinze na spea nzima ya gari mkononi. Matundu ya nati hayakulingana na ya tela.