Mweleze mtoto kuhusu sonona ya mama kabla hajajitungia sababu

Kama mama ana sonona (ugonjwa wa akili unaoleta huzuni nzito ya muda mrefu) na nyumbani kuna mtoto wa miaka 4 hadi 8, usimwambie "mama amechoka tu". Mwambie mambo matatu, kwa mpangilio huu:

1. Mama anaumwa. Ugonjwa unaitwa sonona, unamfanya alale sana na kulia.
2. Si wewe uliyeusababisha, na si kazi yako kuuponya.
3. Leo shangazi ndiye atakayekupikia na kukupeleka shule.

Hilo la tatu wengi hulisahau, nalo ndilo mtoto analolisubiri. Mtoto wa umri huo mara nyingi hujiona ndiye chanzo cha yanayotokea: akinyamaziwa, anaweza kuamini mama analia kwa sababu yeye alimwaga uji. Na "amechoka" humchanganya, maana aliyechoka akilala huamka mzima. Jibu alichouliza tu, kisha mwache akacheze. Kesho atauliza lile lile, naye ajibiwe yale yale.

Njia hii hukwama watu wazima wanapopingana, wewe ukisema ni ugonjwa na bibi akisema karogwa. Kubalianeni kwanza, na mama mwenyewe aridhie maneno yatakayotumika. Usiahidi siku ya kupona. Ikiwa mama anazungumzia kujiua, au anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, maelezo hayatoshi: mtoto akae na mtu mzima mwingine anayemwamini, mama asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.