Ukienda kwa kocha wa SEO, beba tovuti yako

Kikao changu cha kwanza na kocha hakikufika dakika 20. Nilikuja na daftari jipya, nimekaa mkao wa kusikiliza. Akauliza, "Tovuti yako iko wapi?" Nikamjibu kwamba nitaifungua nikishaielewa SEO, yaani kazi ya kuifanya tovuti ionekane watu wanapotafuta Google. Akafunika kompyuta yake. "Nenda kaifungue, weka kurasa 10, isajili Search Console, kisha urudi. Sasa hivi tutapigiana hadithi tu."

Iliniuma, lakini leo mtu akiniuliza aanzie wapi, humwambia hayohayo. Tovuti haihitaji kuwa kubwa wala ya kupendeza. Andika juu ya kazi unayoijua. Mimi natengeneza cherehani zilizoharibika, kwa hiyo niliandika kurasa 12 kuhusu mishono inayoruka, sindano zinazovunjika na mikanda iliyolegea. Search Console ni zana ya bure ya Google inayokuonyesha watu walitafuta maneno gani hadi ukurasa wako ukatokea, na wangapi kati yao walibofya. Isajili mapema, maana namba zinahitaji muda kujikusanya, na kocha asiye na namba za kusoma atakusomea nadharia.

Kuhusu kumchagua kocha mwenyewe: akikuahidi nafasi ya kwanza, muage. Google wenyewe wanasema hakuna awezaye kuihakikisha. Muulize pia kama ujaze ile lebo ya maneno muhimu iliyofichwa kwenye msimbo wa ukurasa. Google walitangaza mwaka 2009 kwamba hawaitumii kupanga matokeo, na bado wapo wanaoifundisha. Swali ninalolipenda zaidi ni hili: "Nionyeshe ukurasa uliokushinda." Wangu alifungua mmoja bila kusita, akanieleza makosa aliyoyafanya humo. Hapo ndipo nilipomwamini.

Msikutane kila siku. Nilitaka hivyo, akakataa. Kwa maelezo ya Google, kazi hii kwa kawaida huhitaji miezi minne hadi mwaka mmoja kabla ya kuona faida. Tulikutana kila baada ya wiki mbili, na katikati nilikuwa na kazi ya kufanya. Tulikubaliana jambo jingine: kipanya kinakaa mkononi mwangu. Kocha anayekufanyia atakuachia tovuti iliyorekebishwa, nawe utabaki ulivyokuja.

Somo la kwanza la kweli lilikuwa hatua tatu: roboti ya Google (programu inayosoma kurasa) inatambaa kwenye ukurasa, ukurasa unaingizwa kwenye faharasa, yaani orodha ya kurasa ambazo Google inazijua, halafu unapangwa mtu anapotafuta. Ilionekana rahisi mno. Kisha akaniambia niandike site: na anwani ya tovuti yangu kwenye kisanduku cha kutafutia. Hakukutokea kitu. Kurasa 12, wiki sita, na kwa Google sikuwa nimezaliwa.

Hakuniambia sababu. Alinielekeza kwenye sehemu ya kukagua anwani ndani ya Search Console, akanyamaza. Nilisoma maelezo mara tatu ndipo nikaliona neno noindex, amri inayoiambia Google isiuweke ukurasa kwenye faharasa. Wakati najenga tovuti niliweka alama kwenye kisanduku kidogo cha kuizuia Google hadi nimalize, nikasahau kuiondoa. Niliiondoa, nikaomba kurasa zitambazwe upya, na baada ya siku chache zilianza kuingia moja moja. Angeniambia mwenyewe siku ile, ningekwisha kusahau.

Kuna mtego jirani na huo. Faili la robots.txt huzuia roboti kutambaa, halitoi ukurasa kwenye faharasa. Ukitaka ukurasa utoke, weka noindex na uiache roboti iingie iisome. Ukiweka vyote viwili, ni sawa na kubandika tangazo sebuleni kisha kufunga mlango wa mbele.

Sasa maneno, ambako tulitumia vikao vinne na ambako ningekaa hata kumi. Nilikuwa na ukurasa niliouonea fahari, wenye kichwa "Kanuni za mvutano wa uzi". Ripoti ilionyesha mionekano 840 (mara ulizotokea kwenye matokeo), mibofyo mitatu, nafasi ya wastani 14. Kocha akasema, "Kabla hatujasonga, niambie mtu huyu anaumwa nini." Tukafungua orodha ya maneno waliyotafuta. Hakuna aliyeandika mvutano. Waliandika "cherehani inakata uzi", "uzi wa chini unajikunja", "kwa nini cherehani inajaza uzi chini". Mvutano ni neno letu mafundi. Mwenye tatizo haoni mvutano, anaona uzi umekatika na nguo iko nusu.

Nikataka kubadilisha kila kitu usiku huohuo. Akanizuia: kichwa na aya ya kwanza, basi. Kichwa kikawa "Cherehani inakata uzi: sababu na jinsi ya kurekebisha". Aya ya kwanza ilikuwa historia ndefu ya ufundi wangu (naiona aibu hadi leo). Nikaiondoa, nikaanza na la kufanya: inua mguu wa kukandamiza, vuta uzi wote, upitishe upya. Kisha nikaandika daftarini tarehe, ukurasa, nilichogusa na ninachotarajia. Kwa wiki nne sikuruhusiwa kuugusa.

Hilo daftari ndilo zana kuu. Ukigusa vitu vitano kwa mpigo, namba zikipanda hutajua nini kimezipandisha, na zikishuka utaanza kubahatisha. Usilinganishe jana na leo pia; linganisha siku 28 na siku 28 zilizotangulia. Search Console hutunza takwimu za utendaji za miezi 16 tu, kwa hiyo pakua za zamani kabla hazijapotea.

Mengine yalikwenda haraka. Kasi: Google wanataka kipande kikubwa zaidi cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Wangu ulikuwa unaburuta picha zilizotoka moja kwa moja kwenye simu, nikazipunguza, basi. Viungo, yaani linki za kutoka tovuti nyingine kuja kwako: Google ilianza mwaka 1998 na wazo la kuhesabu kiungo kama aina ya kura, lakini tangu Penguin, sasisho la mfumo wake wa kupanga matokeo la mwaka 2012, kununua kura hizo kunaweza kukuumiza. Nilichofanya mimi ni kuunganisha kurasa zangu zenyewe, ule wa uzi na ule wa sindano, kwa sababu anayekata uzi mara nyingi ana sindano iliyopinda.

Kuelekea mwisho kocha alianza mchezo. Kabla sijafungua ripoti ilibidi nibashiri ukurasa upi umepanda na kwa nini, naye anaandika ubashiri wake pembeni. Mwanzoni alinishinda kila mara. Katika kikao cha tisa nilisema ukurasa wa mkanda uliolegea utashuka, kwa kuwa nilikuwa nimeandika mwingine unaojibu swali lilelile. Yeye alikuwa ameandika utapanda. Tukafungua ripoti. Akaitazama kidogo, akavuta daftari langu, akauliza, "Ule mwingine uliuandika tarehe ngapi?"