SOMO: Diwani, mswada, nyaraka, juzuu: ipi ni ipi?

Kila wiki naulizwa hili, basi leo naliandika mara moja.

1. Jua umeshika nini: mashairi, barua, karatasi za ofisi au kitabu.

2. Mashairi ya mtunzi mmoja yaliyokusanywa ni diwani. Marehemu Haji Gora Haji wa Tumbatu alikuwa nayo, ilitoka 1994. Wapo wanaoita diwani hata ya watunzi wengi. Mimi hiyo naiita mkusanyiko wa mashairi.

3. Karatasi za serikali, kama zinazotunzwa Kilimani, Zanzibar, ni nyaraka. Kilichoandikwa kwa mkono hakijachapwa ni mswada.

4. Juzuu. Hapa nendeni pole pole. Niliwahi kuandika orodha ya vitabu vya wakfu vya msikiti mmoja. Nikafungua sanduku la mbao, ndani vijitabu vyembamba vya jalada la kijani, vimepangwa vimebanana. Nikahesabu, nikaandika "misahafu 30". Kumbe ni msahafu mmoja, yaani Kurani nzima, wa khitma (kisomo cha kumwombea marehemu), umegawiwa juzuu, yaani sehemu, 30 ili kila aliyefika msibani apate ya kusoma. Baadaye juzuu ya 17 ikapotea. Kwa orodha yangu ilibaki misahafu 29, hakuna aliyeshtuka, na khitma haitimii tena. Bado inaniuma. Andikeni "msahafu 1, juzuu 30", na kila juzuu itiwe alama kwa namba yake.

MASWALI (kila muulizaji namtaja kwa mji au mtaa wake)

Wa Chake: Hadithi zangu fupi niziite diwani?
— Hatua ya 2. Mashairi.

Wa Chake: Si mkusanyiko vilevile?
— Ndiyo, basi andika "mkusanyiko wa hadithi fupi". Nimeshajibu.

Wa Mkunazini: Maalim, Juzuu Amma ya watoto wa chuo cha Kurani nayo ni msahafu?
— Swali zuri, dada. Hapana, ni juzuu ya 30 peke yake. Inaitwa hivyo kwa neno linaloianza, "Amma". Watoto huanza nayo kwa kuwa sura zake ni fupi. Na vitabu vya kawaida pia vina juzuu: kamusi kubwa ikichapwa vitabu viwili, ni kamusi moja, juzuu mbili.

Wa Wete: Miswada ya babu imeanza kuliwa na wadudu.
— Itoe kwenye mfuko wa plastiki leo hii, unyevu unabaki humo. Ifunge kwa kitambaa cha pamba kikavu.

Wa Mkunazini: Bibi yangu alitia karafuu kavu sandukuni.
— Na wangu. Zifungwe kwenye kitambaa chake mbali, zikigusa karatasi zinaacha doa la mafuta.