Ramani ya batobato na michirizi ya mihogo kwa simu na QGIS

Nimeandika mwongozo huu baada ya kukaa na afisa ugani mmoja wa Mkoa wa Pwani aliyekuwa na data nzuri ya batobato na michirizi ya kahawia, magonjwa mawili ya virusi ya mihogo, na ramani isiyoeleweka. Simu yoyote ya Android inatosha. Kwenye kompyuta weka QGIS, programu ya kuchora ramani, ni bure. Sioni kwa nini mtu alipie programu nyingine kwa kazi hii.

1. Fomu. Itengeneze KoboToolbox (mfumo wa fomu za kujaza kwa simu), kwa Kiswahili: umri wa zao, aina ya mbegu, hali ya kila shina, idadi ya nzi weupe kwenye majani matano ya juu, na GPS. Usiache swali hili: dalili za batobato zimeanzia majani ya chini kabisa, au ziko juu tu? Zikianzia chini, pingili (kipande cha shina kinachopandwa kama mbegu) ilipandwa ikiwa tayari na virusi. Zikiwa juu tu, vimeletwa na nzi weupe baada ya kupanda.

2. Shambani. Pita kwa umbo la X, mashina 30, kila shina lipe alama kuanzia 1 (safi) hadi 5 (limeathirika vibaya). Batobato itafute kwenye majani machanga. Michirizi ya kahawia itafute kwenye majani yaliyokomaa, umanjano unaofuata mishipa. Ukisita, programu ya PlantVillage Nuru hupima jani bila intaneti, lakini kwa michirizi mimi naamini kisu zaidi: ng'oa, kata muhogo, tazama kama umeoza ndani. Jani linaweza kukudanganya.

Picha zibaki ndani ya fomu. Ukizituma kwa WhatsApp kama picha za kawaida, taarifa za mahali zinapotea.

3. Ukipata mtandao, tuma fomu, kisha pakua CSV, yaani faili la jedwali la majibu yote.

4. Namba za mahali. Hapa ndipo siku huisha. Kwanza, usiifungue CSV kwa Excel halafu ukaihifadhi. Kompyuta iliyopangwa kutumia mkato badala ya nukta ya desimali inaweza kuigeuza -6.7701 kuwa -67701. Ipeleke moja kwa moja QGIS.

Pili, X ni longitudo, Y ni latitudo. Ukizibadilisha, shamba la Kibaha litatua Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Alama ya kutoa ikidondoka kwenye latitudo, litatua Ethiopia. Makosa hayo angalau yanaonekana.

Lisiloonekana ni la dakika. Mtu aliyeandika kwa mkono nyuzi 6 dakika 46 kusini, ukiingiza -6.46, umelisogeza shamba kama kilomita 34 kaskazini, usawa wa Bagamoyo. Huko nako kuna mihogo, kwa hiyo hakuna atakayeshtuka. Gawa dakika kwa 60 kwanza: 46 ni 0.767, kwa hiyo andika -6.767.

Mfumo wa ramani uwe EPSG:4326, ndio wa longitudo na latitudo za GPS. Halafu weka picha ya setilaiti chini ya nukta zako na ukague chache unazozijua. Nukta ikiwa juu ya paa la nyumba, huenda fomu ilijazwa nyumbani. Shambani, subiri simu ionyeshe usahihi chini ya mita 10 kabla ya kuhifadhi.

5. Rangi. Chora ramani mbili za batobato: ya pingili (dalili zilizoanzia chini) na ya nzi weupe (dalili za juu tu). Kwenye ya kwanza, uliza wakulima mbegu walizitoa wapi. Kwenye ya pili, anza na mashamba yaliyopakana na mihogo ya zamani.